Jike wa bata mzinga yuko juu ya mayai: shajara ya banda letu, Mingoyo Lindi

Aprili, kabla hajakaa rasmi

Naanza kuandika shajara ya mradi leo kwa sababu yule jike mkubwa mweusi ameanza dalili na nataka kila kitu kiwe kwenye maandishi tangu mwanzo, maana habari za bata mzinga tunazozisikia huku nyingi ni za kusimuliwa tu, mtu anakwambia wangu walikufa wote, basi, hana tarehe hana idadi hana sababu. Nina majike watatu na dume mmoja. Banda liko nyuma ya nyumba, pembeni kuna mikorosho na minazi, na upande wa chini ardhi inashuka kuelekea bonde la mto Lukuledi. Hilo bonde nalitaja kwa makusudi, ndo linalotuletea kenge, na mvua zikizidi ndo linatuletea siafu.

Watu wananiuliza kwanini nisitumie mashine ya kutotoleshea. Mashine ni nzuri sina ubishi nayo, ila bata mzinga ni siku 28, siyo 21 kama kuku, na siku 28 za umeme usiokatika kwa huku kwetu ni kuomba Mungu. Jike analeta joto mwenyewe, anageuza mayai mwenyewe usiku na mchana, na vifaranga wakitoka analea. Mi naona kazi yangu hapa siyo mayai. Mayai anayajua yeye kuliko mimi. Kazi yangu ni yeye, maana huyu ndege akishakaa anausahau mwili wake kabisa, hali, hanywi, na kuna majike yanafia juu ya mayai kwa njaa na kiu huku mwenye banda anasifia kwamba ametulia.

Mayai alikuwa anatagia kwenye kichaka nyuma ya mkorosho, siyo kwenye boksi nililomwekea, ndo tabia yao wanapenda kujificha. Kila alipotaga nilikuwa nachukua lile yai nabakiza la bandia (jiwe jeupe la mviringo, anakubali vizuri tu) ili asihame. Ya kweli nimeyaandika tarehe kwa penseli, siyo kalamu ya wino kwa sababu ganda lina vitundu na wino unaweza kupenya, halafu nikayapanga kwenye bakuli la mchanga pale pembeni ya mtungi wa maji, ndo kona yenye ubaridi kuliko zote ndani ya nyumba. Ncha nyembamba chini, butu juu, kwa sababu chumba cha hewa kiko upande wa butu. Kila siku nayageuza upande kidogo. Na siweki yai lililozidi wiki moja hivi, maana joto la nyumba zetu za Lindi linatosha kukiamsha kile kijidudu cha uhai ndani ya yai nusunusu, halitoshi kukikuza, kinaishia kufa kabla hata hajalalia. Watu wanalaumu dume kumbe yai lilikaa kabatini wiki tatu.

Dalili alizoonyesha: anakaa kiotani mpaka jioni, ukimkaribia anajitutumua na kufoka kama nyoka, kifuani manyoya yamepungua ngozi inaonekana, ukimsukuma pembeni anarudi hapohapo. Na mavi. Mavi ya jike anayelalia ni bonge moja kubwa kwa siku na harufu yake siyo ya kawaida, ukiliona hilo ujue tayari.

Kiota nimetengeneza kwenye boksi la mbao upana kama sentimita 60 kila upande, chini mchanga wenye unyevu kidogo nimeubonyeza katikati ukawa bonde dogo ili mayai yasibiringike pembeni, juu majani makavu na matawi machache ya muarobaini kwa ajili ya utitiri. Boksi lina miguu, na kila mguu umesimama ndani ya kopo lenye oili chafu. Hiyo ya makopo nilifundishwa na bibi jirani, kasema bila hivyo siafu watakufundisha wao. Juu nimeezeka makuti, pembeni waya wenye matundu madogo. Dume nimemtenga na uzio wa fito, kwa sababu dume akiona jike amelala chini anadhani anaitwa, anapanda, na uzito ule mayai yatapona wapi.

Nimemhamisha usiku, giza kabisa, nikamweka juu ya yale mawe, mayai ya bandia, kwanza. Siku mbili kamili. Ukimhamisha na mayai ya kweli siku hiyohiyo akagoma, umepoteza yote.

Siku ya 1

Hajagoma. Usiku huu nimempa mayai 12, yote kwa pamoja ili yatoke pamoja, nimeyachora mstari kuzunguka katikati kwa penseli ili mwenzie akija kutagia humo nijue lipi geni. Alikuwa anayavuta kwa mdomo kuyaingiza chini ya kifua moja moja, anatoa sauti ya chini chini ambayo sijawahi kuisikia mchana. Nimempima kabla kwa ule mzani wa kuning'iniza, kilo 4.8.

Siku ya 3

Hajanyanyuka. Maji yako pale pale kiwango kile kile, mahindi niliyoweka hayajaguswa hata punje. Kuku angeshatoka, kuku kila siku anatoka mwenyewe dakika chache anakunywa anajisaidia anarudi. Huyu hapana, macho yamesinzia tu.

Leo nimemnyanyua na nitaendelea kumnyanyua kila siku. Naeleza jinsi ninavyofanya kwa sababu hapa ndo mayai mengi yanavunjika. Kwanza unaingiza mkono taratibu kiganja kikiangalia juu, chini ya bawa la kulia halafu la kushoto, uhakikishe hajabana yai kwapani, maana wanabana, ukimnyanyua ghafla yai linadondokea wenzie. Ukishayatoa hayo unaingiza mikono miwili chini ya tumbo unamwinua wima, unamtoa nje unamweka kwenye kivuli mbali kidogo na kiota. Mara ya kwanza alikaa chini pale pale nilipomweka kama bado yuko kwenye mayai, dakika nzima, nikaanza kuogopa. Nikamsogeza sogeza, nikamrushia maji kidogo kifuani, ndo akaamka akajinyoosha bawa moja moja, akakimbia akapiga mabawa, akaachia lile bonge, halafu akanywa. Akanywa sana. Akainua kichwa akanywa tena.

Siku ya 6

Ratiba imeshika. Saa kumi jioni jua limepungua namtoa, anapata mahindi na mtama, maji, na beseni la mchanga uliochanganywa na majivu ajioge vumbi. Nampa nafaka tupu, siyo mashi ya kuku wa mayai. Nafaka inashikilia mavi yawe magumu asichafue kiota, na sitaki chakula cha kumkumbusha kutaga. Dakika 15 mpaka 20 anatosheka anarudi mwenyewe kwa mwendo wa haraka. Watu wanaogopa mayai yatapoa, hayo dakika 20 hayana shida yoyote, hata porini ndege wanatoka, na kupoa kidogo kunaingiza hewa mpya.

Akiwa nje ndo naangalia kiota. Nimetoa yai moja geni halina mstari, yule jike mdogo alipitia humo.

Siku ya 8

Leo ndefu.

Asubuhi bibi jirani kapiga hodi na kikapu. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu. Kuku wangu kagoma kulalia, nimekuletea matatu haya, nichanganyie kwa bata wako." Nikamwambia bibi, ya kuku si yanatoka mapema. Akanitazama. "Si ndo nimesubiri wiki ipite? Ishirini na moja ukiongeza na wiki yako moja inakuwa ngapi?"

Inakuwa 28, alikuwa amepiga hesabu tangu siku namwambia nimemkalisha.

Nilichosita ni ugonjwa. Bata mzinga na kuku kufuga pamoja ni hatari, kuna ugonjwa wa kichwa cheusi, kuku anaubeba bila kuumwa sana kupitia mayai ya minyoo yake yanayobaki kwenye udongo miaka, bata mzinga akidonoa pale anaharibika ini na anaweza kufa, dalili yake mojawapo ni mavi ya njano kama salfa tunayopulizia mikorosho. Ndo maana kuku wa kwetu tuliwaondoa kabla ya huu mradi na eneo la banda ni jipya. Lakini kifaranga wa kuku anayetoka kwenye yai safi hajakanyaga udongo hana hao minyoo, na kuna faida moja kubwa, kifaranga wa bata mzinga hajui kula. Kweli kabisa, wengi wanakufa wiki ya kwanza chakula kiko mbele yao. Kifaranga wa kuku anadonoa kila kitu tangu siku ya kwanza, wenzie wakimwona wanaiga. Kwahiyo nimekubali kwa masharti, bibi kaafiki: mayai yawe masafi, vifaranga wakae kwenye maranda safi tu wasiguse ardhi, na baada ya siku chache anawachukua wa kwake.

Usiku nikapima mayai kwa mwanga ili kupata nafasi. Mdogo wangu kashika tochi ya simu, mi nimetoboa kijitundu kwenye boksi la viatu, unaegemeza upande butu wa yai pale. Ganda la bata mzinga lina madoadoa ya kahawia kwahiyo mwanga hafifu hauoni kitu, inabidi giza liwe giza kweli na tochi iwe na chaji. Yenye uhai yanaonekana mishipa myekundu imetawanyika kutoka kwenye doa moja katikati. Mawili yalikuwa meupe tu, hayana kitu. Moja lina duara la damu, yaani lilianza likafa. Hayo matatu nimeyatoa, kwa sababu yai lililokufa likikaa kwenye joto lile linakuwa viza, linaweza kupasuka likachafua mengine yote. Yamebaki 9. Ya bibi matatu yameingia, nimeyachora msalaba.

Siku ya 11

Kenge kaonekana mchana pembeni ya uzio, mkubwa. Nimeongeza waya chini nikauzika ardhini karibu shubiri moja na mawe juu yake. Jike hakutikisika.

Siku ya 14 usiku

Mvua tangu magharibi, ile ya kugonga bati mpaka hamsikilizani. Saa nane hivi nimesikia jike anapiga kelele, na huyu halii usiku hata kidogo. Nimetoka na tochi, ardhi inatembea. Siafu. Njia yao imetoka bondeni imepita chini ya mkorosho imeingia bandani. Makopo ya oili yalikuwa yanafanya kazi, wamejaa pembeni yake hawavuki, lakini upepo ulikuwa umedondosha kuti moja toka kwenye paa likaegemea boksi, na juu ya lile kuti ndo walikuwa wanapanda.

Alikuwa hajatoka kiotani. Siafu wako kwenye macho, chini ya mabawa, kwenye ile ngozi tupu ya kifua, anatikisa kichwa tu na kulia lakini amekaa. Kuku wangapi tumewakuta asubuhi wamebaki mifupa juu ya mayai kwa sababu hii hii. Nimemnyanyua vile vile nikamkabidhi mdogo wangu akimbie naye jikoni, mi nikatoa mayai nikayaweka kwenye beseni juu ya kitenge, siafu wamenipanda mpaka shingoni, nikafunika nikakimbia. Yai moja la bata mzinga lilikuwa limepasuka, nadhani alilikanyaga akijitikisa. Yamebaki 8.

Jikoni tulimkalisha kwenye meza tukamtoa siafu mmoja mmoja kwa vidole, wanang'ang'ania hata ukimkata mwili kichwa kinabaki kimeuma. Macho tulisafisha kwa maji ya uvuguvugu. Mama aliamka akaleta majivu tukampaka chini ya mabawa. Ilichukua zaidi ya saa moja na nusu. Wakati wote huo mayai yako kwenye beseni, kitenge juu, na usiku wenyewe ulikuwa wa baridi kwa mvua.

Tukatafuta tenga kubwa la maembe, majani makavu toka kwenye gunia, mayai ndani, jike juu, tukafunika na kanga kuwe giza. Akasimama. Akasimama muda mrefu tu sijui dakika ngapi, nilikuwa naomba moyoni. Halafu akashuka polepole akaanza kuyavuta kwa mdomo.

Siku ya 15

Kashinda kwenye tenga jikoni, mama anapika pembeni yake na wala hajali. Macho yamevimba ila anaona. Nimemtoa jioni kanywa vizuri, kala kidogo.

Bandani nimechoma majani pale njia ya siafu ilipopita, nikamwaga majivu mazito kuzunguka lote, makuti ya kando nimeyafunga upya kwa kamba za mnazi na nimekata matawi yote ya mkorosho yanayogusa paa. Kiota kipya, mchanga mpya. Usiku nimemrudisha, kakubali.

Siku ya 16

Nimepima mayai kwa mwanga kwa sababu sikuweza kusubiri. Yote 8 yana giza kubwa ndani na mwendo unaonekana, kitu kinajigeuza ukiweka mwanga. Hayo mayai yalikaa bila mama karibu saa mbili na bado. Ya bibi mishipa ipo kwenye mawili, la tatu tupu.

Nawaambia wenye hofu, mayai yakipoa kwa saa moja mbili katikati ya safari msiyatupe, mrudishieni mama, yanaweza kuchelewa kutoka kwa masaa kadhaa tu. Joto la kuzidi ndo linaua haraka, siyo ubaridi wa muda mfupi.

Siku ya 20

Kilo 4.3. Amepungua nusu kilo pamoja na kumtoa kila siku. Fikiria yule ambaye hatolewi. Nimeongeza mahindi yaliyolowekwa na mchicha, na siku moja moja nampa dagaa waliosagwa kidogo. Mfupa wa katikati ya kifua chake unashikika ukimpapasa. Maji nayaweka glukosi nusu kijiko mara chache, afisa mifugo wa kata kasema siyo lazima ila haidhuru.

Siku ya 24

Upimaji wa mwisho. Moja limeacha kukua, giza halijajaa na limepoa kuliko wenzie ukilishika. Nimelitoa. Bata mzinga 7, kuku 2. Kwenye hayo saba chumba cha hewa kimekuwa kikubwa kimeinama upande mmoja, vizuri kabisa.

Siku ya 25

Kuanzia leo sigusi. Simtoi, sipimi, siangalii chini yake. Vifaranga wanajipanga ndani wageuze kichwa kuelekea kwenye chumba cha hewa, na unyevu wa pale chini ya mama usipotee hovyo. Chakula na maji nimeweka mbele ya mdomo wake kabisa, kopo fupi. Watu wengi hapa ndo wanaanza kiherehere cha kumfungulia kifaranga mlango, hawataki kusubiri. Kunyunyizia mayai maji sijafanya, msimu huu hewa yenyewe ina unyevu wa kutosha.

Siku ya 27

Nimeegesha sikio. Wanalia ndani ya maganda! Jike anawajibu kwa ile sauti yake ya chini, anatulia, wanalia, anajibu. Mdogo wangu kakaa pale mpaka kakatazwa na mama.

Siku ya 28 na 29

Jana asubuhi ganda la kwanza limeonekana chini ya bawa, lina tundu. Kutoka tundu mpaka kifaranga kutoka inaweza kuchukua siku nzima na hiyo ni sawa, anavuta kiini kilichobaki kuingia tumboni na mishipa ya damu kwenye ganda inajifunga. Ukimsaidia kumenya anatoka damu. Mama yangu alitaka kusaidia mmoja aliyechelewa, tulibishana kwa heshima, tukaacha, akatoka mwenyewe jioni.

Hadi leo mchana: bata mzinga 6, kuku 2 wote. Yai moja halikutoka, nimelifungua baadae kifaranga alikuwa kamili ila alielekeza kichwa upande wa ncha nyembamba. Kati ya 12 ya mwanzo wametoka 6, na usiku ule wa siafu umo humo ndani, nimeridhika sana.

Sikuwapa chakula kwa haraka, kile kiini kinawatosha siku mbili hivi. Bado wako chini ya mama, vichwa vinachungulia kwenye manyoya.

Mei, wiki ya kwanza ya vifaranga

Kusi imeanza kuvuma na usiku kuna baridi ya ukweli, kwahiyo upande wa kusini wa banda nimefunga viroba na mkeka wa zamani. Kifaranga wa bata mzinga akilowa ni kama amekwisha, wiki ya kwanza wanataka joto kama la nyuzi 35, mama analitoa ila akitoka tu lazima pawe pakavu. Chini ni maranda, nayageuza kila siku.

Chakula: yai la kuchemsha limekatwa ndogondogo, vitunguu majani, mchicha, na stata (chakula cha dukani cha vifaranga) niliyoichanganyia dagaa wa unga, kwa sababu hawa wanataka protini nyingi kuliko vifaranga wa kuku, asilimia 26 mpaka 28. Maji kwenye kisosi chenye kokoto zinazong'aa, kokoto zinafanya kazi mbili, wasizame na wavutiwe kudonoa.

Na wale kuku wawili wa bibi, jamani. Siku ya pili tu wako kwenye sahani wanachakura, na bata mzinga wamesimama wanawaangalia tu. Saa chache baadae mmoja kadonoa alipodonoa kuku, halafu wa pili. Nilikuwa nagonga kidole kwenye sahani na mimi, nachovya midomo yao kwenye maji mmoja mmoja. Jike naye anainua chakula anaachia huku anaita. Mmoja hakushika. Nilimlisha kwa mkono siku mbili, alikuwa anasinzia tu, alfajiri nimemkuta amekufa pembeni ya mama. Wamebaki 5.

Bibi kachukua wa kwake siku ya sita, kawashika kwenye upindo wa kanga, kasema hawa ni walimu hawa.

Wiki ya pili

Watano wote wanakula wenyewe, mabawa yameanza kutoa manyoya marefu. Sitawatoa kwenye umande mpaka wafikishe wiki sita au zaidi, na eneo watakalotembea ni lile jipya ambalo kuku hajapita. Afisa mifugo anakuja Jumamosi na chanjo ya mdondo, I-2 ile ya tone la jicho inayotengenezwa na TVLA (wakala wa maabara ya mifugo wa serikali), majirani wanne tumechanga chupa moja kwa sababu ikishafunguliwa haikai. Ndui tutaulizia siku hiyohiyo.

Jike kwenye mzani leo kilo 4.2. Amemaliza na upungufu wa zaidi ya nusu kilo na hapo ni jike aliyetolewa kila siku akalishwa. Kwahiyo bajeti ya mwezi huu nimeigawa upya, mashudu ya alizeti na dagaa vinaenda kwake kwanza, dume anabaki na pumba na majani, na akionyesha dalili za kukaa tena kabla hajarudi kilo 4.8 nitamnyima kiota, nitamtoa aende juani na wenzie mpaka aache. Yule jike mdogo ndo atakayefuata.